Nyumba Iko Uvira, Warithi Wako Dzaleka

Ofa ilifika kabla matanga hayajaanuliwa. Mpangaji anayekaa kwenye nyumba ya marehemu, mtaa wa Mulongwe mjini Uvira, Kongo, alituma ujumbe wa sauti: poleni kwa msiba, Mungu awatie nguvu, na kama watoto wa mama wana mpango wa kuuza, yeye yuko tayari kutoa dola 9,000, nusu sasa, nusu karatasi zikishakamilika. Ila jibu alipate kabla mwezi haujaisha.

Wasemaji wa mjadala huu nimewatunga, msomaji asihangaike kuwatafuta. Sheria, miaka na vita wanavyovitaja ni vya kweli, na swali lenyewe halina ugeni wowote pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, Malawi, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la enzi za Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu kumi elfu na ushee. Leo wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda. Watu hao hawakuja mikono mitupu kama wanavyoonekana kwenye picha. Nyuma yao kuna mashamba, viwanja na nyumba, na kila mzazi anapozikwa Dowa, mlango fulani wa Kivu au wa Rumonge unabaki bila mwenyewe.

Wanaozungumza ni watoto watatu. Mkubwa ana kibanda cha unga na mafuta kambini. Wadogo zake humwita yaya, kwa desturi ya Kivu. Dada ameolewa na Mmalawi na anaishi Area 25, Lilongwe. Kitinda mimba yuko kambini. Baba mdogo yuko Uvira na anasikika kwa simu. Yupo pia Mzee, jirani Mrundi, aliyekuja kuhani akakaa.

KITINDA MIMBA: Mimi nasema tuuze. Kesi yangu ya kwenda Marekani ilibaki kupimwa afya tu, Januari 2025 ikasimamishwa pamoja na za wenzangu wote. Mgao nao kila mara tunaambiwa fedha hazikutosha. Uvira naijua kwa picha. Mwaka 2004 nilitoka kule nikiwa mgongoni mwa mama. Mtu akikutolea dola wakati wa vita, humwambii arudi kesho.

MKUBWA: Wewe unaona dola 9,000, mimi naona kodi. Dola 60 kwa mwezi ni 720 kwa mwaka. Anachotupa huyu ni kodi ya miaka 12 na nusu, halafu nyumba inaondoka moja kwa moja.

KITINDA MIMBA: Hizo 60, yaya, ni lini ulizipata zikiwa 60?

MKUBWA: Baba mdogo anakata za usumbufu wake. Kuna bati, kuna choo. Zinafika 30. Miezi mingine hazifiki.

KITINDA MIMBA: Basi piga upya. Kwa 30, huyu bwana anatupa kodi ya miaka 25 kwa mkupuo.

Kaka mtu amepigwa kwa hesabu yake mwenyewe, na sioni pa kumtetea. Mwenye nyumba aliye mbali hujidanganya hapa kuliko popote: anahesabu kodi iliyoandikwa, si ile inayomfikia mkononi baada ya kupita mikono mingine. Lakini Dada alikuwa na hesabu yake, na hiyo ilimgeukia Kitinda mimba.

DADA: Tuseme tumeuza. Dola 3,000 zako zinafikaje hapa? Novemba 2023 Benki Kuu ilishusha kwacha, dola ikaruka kutoka 1,180 hadi 1,700. Tangu hapo bei ya benki haijasogea sana, na mtaani dola imekuja kuuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukizipokea kwa njia ya halali utapewa kwacha kwa bei ya benki, milioni 5 na kidogo. Ukienda nazo soko la Kawale, mafuta na sabuni vimepangwa kwa bei ya mtaani. Nusu ya nyumba imeliwa njiani na hakuna aliyekuibia.

KITINDA MIMBA: Zije kwa mkono.

DADA: Kwa mkono wa nani? Kutoka Uvira mpaka Songwe ni mipaka mingapi? Na zikifika salama utanunua nini? Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka pembeni vifungu kadhaa: mali, ajira, uhuru wa kutembea. Hapo ulipojenga chumba chako ardhi si yako. Utakuwa umeuza kiwanja ili ununue magunia.

MKUBWA: Na magunia yenyewe unaweza kunyang'anywa muda wa kuyauza. Mnakumbuka duka langu la Lilongwe. Mwaka 2021 walitangaza wakimbizi wote warudi kambini, mahakama ikasimamisha. Machi 2023 wakatangaza tena, na Mei polisi wakaja kweli. Friji niliiuza kwa bei ya mlango wake. Aliyenunua hakuwa mtu mbaya, ila alijua nimebakiza siku ngapi. Huyu mpangaji naye anajua kitu, ndiyo maana ametupa mwezi mmoja.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ofa inayowahi si lazima iwe ya kilaghai. Mara nyingi ni mtu tu anayemjua muuzaji vizuri kuliko muuzaji anavyomjua yeye. Mpangaji huyu anajua kwamba Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na Desemba ya mwaka huo huo waasi wa M23 wakaingia Uvira yenyewe, kisha wakatangaza kuondoka. Waliokimbia waliacha nyumba wazi, yeye alibaki. Anajua nani kwenye mtaa anauza na nani ameshauza. Anajua pia, na hili watoto walikuwa hawajaliwaza, kwamba wenye nyumba wametawanyika na hawajateua msemaji. Hapo ndipo Baba mdogo alipoingia kwa ujumbe wa dakika nne, nyuma yake kuku wakilia.

BABA MDOGO: Wanangu, nyie mko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka usiku, ukabeba watu, na nyumba kwa maelfu. Ukuta wa nyuma wa nyumba yenu niliusimamisha mimi. Ziwa nalo limepanda. Kule chini watu waliacha nyumba zikiwa na maji hadi dirishani. Mkisubiri amani mtauza mawe. Nitumieni karatasi ya uwakilishi, mimi nitasaini, pesa nitawagawia.

KITINDA MIMBA: Mmesikia. Ni baba yetu, ndiye aliyeko kule.

DADA: Nimesikia "nitasaini" na "nitawagawia" katika pumzi moja.

MKUBWA: Dada, huyo ni baba.

DADA: Ni baba, namheshimu. Ndiyo maana sitaki tufike mahali pa kumuuliza swali baya. Baba alibaki kulinda nyumba, akafa 2011, hakuna aliyekwenda mahakamani. Sasa mama naye. Hizi ni mirathi mbili zimelaliana. Sheria ya Familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu, wasichana kwa wavulana sawasawa. Kinachobaki ni cha mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Kwa upande wa baba, Baba mdogo yumo. Kwa upande wa mama, mjomba wa Fizi yumo, na huyo hakuna hata mmoja wetu aliyempigia.

KITINDA MIMBA: Mjomba wa Fizi! Tutapiga simu mpaka Yerusalemu.

Mkubwa akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba. Ndani yake ilikuwamo karatasi ya kiwanja, ya zama za Zaire: kichwa cha chui kwenye muhuri, wino wa zambarau uliokwisha nguvu, mikunjo minne iliyopachikwa selotepu hadi ikawa migumu kama kadibodi. Mchwa walikuwa wamekula kona ya chini kulia. Namba ya kiwanja ilisomeka tarakimu zote isipokuwa ya mwisho.

KITINDA MIMBA: Ni 7 au 1?

MKUBWA: Mama alikuwa anaijua.

Mali bila daftari hupotea bila habari, waliotutangulia walishasema, na Mzee, aliyekuwa amenyamaza muda wote akitafuna karanga, alikuwa na ushahidi.

MZEE: Mimi nitawaambia ya kwetu. Ndugu zangu walikimbia 1972 kutoka Rumonge na Nyanza-Lac, wakaingia Tanzania. Hawakuuza kitu, walisema tutarudi. Wakarudi, wengi 2008. Kwenye michikichi yao wakakuta watu, tena wengine wana karatasi za serikali. Ikawepo tume ya ardhi, iliundwa 2006. Mwanzoni ilikuwa chini ya padri, ikawa inawahimiza wagawane nusu kwa nusu. Wakapima kwa kamba, wakapanda mpaka. Mwaka 2011 akaja mkuu mwingine, yeye akaelekea kuwarudishia waliokimbia vyote. Kesi zilizokwisha zikafunguliwa upya. Watu waliokwisha kuoleana wakarudi kugombana. Sasa niambieni, aliyekataa kuuza 1972 alishinda au alishindwa?

MKUBWA: Alipata nusu, halafu...

MZEE: Halafu alipata maadui. Na Wanyarwanda? Arusha, 1993, walikubaliana kwa maandishi: aliyekimbia zaidi ya miaka 10 iliyopita ashauriwe asidai tena mali iliyokwisha kukaliwa na mwingine. Nyinyi mmetoka 2004. Hesabuni.

Kimya kidogo. Hoja ya Mzee ni nzito kuliko zote zilizotangulia, na Kitinda mimba aliifurahia kwa sababu alidhani inamsaidia. Mimi sidhani. Niseme sababu.

Kwanza, Kongo haijatia saini jambo kama lile la Arusha. Kinyume chake, imo katika Mkataba wa Nairobi wa Desemba 2006 wa nchi za Maziwa Makuu, na moja ya itifaki zake inahusu hasa haki za mali za watu wanaorejea. Mkimbizi wa Uvira hajapoteza nyumba kwa kukaa Malawi miaka 20. Pili, na hili ndilo la kuogopa, sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema cheti cha uandikishaji kikishatimiza miaka miwili tangu kutolewa, hakivunjwi tena. Aliyedhulumiwa anabaki kudai fidia tu. Kifungu cha 227. Chukua mpangaji anayejulikana na mkuu wa mtaa, anayelipa kodi za kiwanja, mwenye saini ya ndugu mmoja tu wa ukoo. Mtu huyo anaweza kupata cheti kwa jina lake wakati warithi wangali wanabishana kuhusu bei. Saa inayowatisha haipo kwenye ofa. Ipo ofisi ya ardhi.

Kwa hiyo haraka mbili zimechanganywa kikapu kimoja. Haraka ya kuuza ni ya mpangaji, na warithi hawana sababu ya kuibeba. Haraka ya karatasi ni yao wenyewe, nayo hawajaianza. Ushauri tunaopeana wa kutokubali bei ya kwanza, subiri wengine waje, umetungwa kwa mtu anayeweza kubandika tangazo mlangoni na kuwatembeza wanunuzi vyumbani. Mtu wa Dzaleka akisubiri hivyo hivyo tu, anasubiri aibiwe. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kuuza leo kwa 9,000 na kunyamaza, nitauza. Bahati nzuri hakuna anayewalazimisha.

DADA: Niliuliza kwa wakili mmoja hapa Lilongwe. Inatakiwa kikao cha familia kiandikwe. Vyeti viwili vya kifo. Cha mama kinatoka hapa, ni Kiingereza, kitafsiriwe Kifaransa. Mahakama ya kule imthibitishe msimamizi wa mirathi. Kama hakuna wosia, sheria inaanza na mrithi mkubwa kwa umri. Ndiyo wewe, yaya.

MKUBWA: Mimi niende Uvira? Nikionekana nimerudi, hapa wataniambia ukimbizi umekwisha.

Hofu yake ina mzizi. Mkataba wa 1951, kifungu cha kwanza, unataja mtu aliyejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi yake au kwenda kuishi tena alikotoka kuwa ameacha kuwa mkimbizi. Safari fupi ya kusaini karatasi si kuhamia, lakini simshauri mtu ajaribu tofauti hiyo kwa ngozi yake, hasa Uvira ya sasa. Mkataba huo huo, kifungu cha 25, unaitaka nchi mwenyeji imsaidie mkimbizi kupata nyaraka ambazo kwa kawaida angezipata kwao. Mkubwa anaweza kuomba ruhusa ya kutoka kambini, akaapa mbele ya kamishna wa viapo Lilongwe, akampa mtu wa Uvira uwakilishi. Neno la kuangalia ni uwakilishi wa nini. Uandikwe wa kufuatilia mirathi na kuandikisha nyumba kwa majina ya warithi, basi. Usiwe wa kuuza, wala wa kupokea fedha.

KITINDA MIMBA: Vizuri sana. Na tafsiri, mahakama, uandikishaji, nani analipa? Mimi sina hata nauli ya Lilongwe.

DADA: Mpangaji.

KITINDA MIMBA: Nani?

DADA: Mtu mwenye 4,500 za kutanguliza leo hashindwi kutanguliza kodi ya miezi sita. Ni 360. Atoe kwa risiti, zilipe karatasi. Akikubali tutajua ni mnunuzi. Akikataa tutajua alichokuwa anakinunua.

Nakiri hilo sikulitegemea. Wengi wangehangaika kutafuta mkopo. Dada amempa mnunuzi mtihani ambao hata akiufeli haumgharimu mwenye nyumba. Kutanguliza nusu ya bei kunamfunga muuzaji: pesa ikishaliwa, na kambini italiwa, wiki hiyo hiyo umebaki na mdai anayekaa ndani ya nyumba yako. Kutanguliza kodi hakumfungi mtu kwa lolote zaidi ya kulala pale alipokuwa akilala.

Baba mdogo aliposomewa mpango, hakuficha.

BABA MDOGO: Kwa hiyo mnaniona mwizi. Tangu 2011 nalinda nyumba ya kaka yangu. Mafuriko nipo, vita nipo. Mtu akitaka kuvunja dirisha ananikuta mimi, hamkuti wakili wa Lilongwe.

DADA: Baba, tusamehe, si hivyo. Tunataka jina lako liandikwe ili asije mtu akasema hukuwa na haki.

BABA MDOGO: Na ukuta?

Nyumba nzima ya matanga ilitulia, maana hakuna aliyewahi kuuliza ule ukuta uligharimu nini. Hapa nipo upande wa Baba mdogo. Mlinzi asiyelipwa hujilipa, na akijilipa kwa kificho ninyi mtaita wizi, yeye ataita haki yake. Gharama zake zipigwe hesabu kwanza, ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao, zitoke kwenye bei kabla ya mgao wa mtu yeyote. Itakuwa rahisi kuliko kumkuta baadaye upande wa mpangaji.

MKUBWA: Na kama huyu bwana akichoka kusubiri, akanunua ya jirani?

KITINDA MIMBA: Ndiyo ninachosema tangu asubuhi.

DADA: Aende. Mimi hata akirudi na 15,000 sijui kama nitasaini. Watoto wangu wana Malawi kwa baba yao. Nyinyi wawili siku mkiambiwa Dzaleka imefungwa mtakwenda wapi?

KITINDA MIMBA: Siendi Uvira. Usinipangie kurudi mahali nisipopakumbuka.

Hilo hawakulimaliza, na sidhani ni la kumalizwa na kikao. Mimi maoni yangu yako wazi: karatasi zikikamilika na mpangaji akawa angali na 9,000 zake, wamuuzie. Nyumba ipo kando ya mto uliokwisha kuonyesha tabia yake, katika mji uliotekwa na kuachwa, na kati ya watoto watatu mmoja tu ndiye anayeweza kufikiria kulala humo. Asiyetaka kuuza apewe nafasi ya kununua sehemu za wenzake kwa bei hiyo hiyo. Dada alinisikia, akacheka, akasema nimweleze mume wake.

Waliandika jibu kwa pamoja, Mkubwa akisoma kwa sauti kila sentensi kabla ya kuibonyeza: tumepokea ofa yako na tunashukuru, familia haijakataa wala haijakubali, tunaanza mirathi mahakamani na wewe utakuwa wa kwanza kuulizwa, usimpe mtu yeyote fedha ya ununuzi, tunaomba utangulize kodi ya miezi sita kwa risiti. Wakalipeleka kwenye kundi la WhatsApp alimokuwamo mpangaji.

Jibu halikuchelewa. Alisema amewaelewa, hana neno, kodi atatanguliza. Ila alitaka kujua kitu kimoja: hizo 360 amkabidhi nani?

Mkubwa akaanza kuandika. Dada akamshika mkono.

DADA: Ngoja. Baba mdogo naye yumo humu kwenye kundi.